Virutubisho vya macho kwa wazee wetu: Tuulize halali, tuulize na madhara

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu akampa masikio, macho na moyo ili apate kushukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika makala yetu ya Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo lililomo ndani ya nyumba zetu nyingi, lakini ni nadra kulisikia likitajwa juu ya mimbari. Nalo ni macho ya wazee wetu, na vidonge vya lishe ambavyo siku hizi huuzwa au huletwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya macho hayo.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio lililotupata sisi wenyewe. Siku moja baada ya darsa ya alasiri alitujia mzee wa miaka sabini na ushei, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akisoma msahafu baina ya Maghribi na Isha, ameegemea nguzo ile ile ya msikiti. Mkononi alishika chupa ya vidonge aliyoletewa na binti yake anayeishi nchi ya mbali. Akatuuliza: "Sheikh, hivi vidonge vya macho vina ganda laini, nami nimeambiwa ganda hilo ni jelatini. Je, ni halali kwangu kuvimeza?" Tukaisoma ile chupa, tukaona imeandikwa kwamba jelatini yake ni ya ng'ombe na ina alama ya halali. Tukamwambia: "Mzee wangu, sema bismillahi umeze." Akatuombea dua, akaenda zake.

Jibu letu lilikuwa sahihi, lakini halikutosha. Miezi michache baadaye kijana wake alimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari akauliza maswali mawili ambayo sisi hatukuyauliza. La kwanza: ni nani aliyekupima akakwambia una maradhi gani? La pili: je, unavuta sigara, au umewahi kuvuta? Mzee wetu hakuwa amepimwa na mtu yeyote. Na sigara alizivuta tangu ujana wake, akaziacha alipokwisha kuzeeka. Ndani ya chupa ile mlikuwa na beta-karotini, kitu ambacho mvuta sigara, na hata aliyewahi kuvuta, hapaswi kukinywa kwa wingi kama ule, kwa sababu tutakayoieleza. Tena vipimo vilionyesha kwamba jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, ambaye tiba yake ni upasuaji wala si vidonge. Jicho la kushoto ndilo lililokuwa na maradhi ambayo vidonge vile vilikusudiwa.

Basi sisi tulilitolea fatwa ganda, tukakiacha kilichomo ndani ya ganda. Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe, na tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa ukamilifu ili wengine wasiingie katika kosa kama letu.

MARADHI YENYEWE NI YAPI?

Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo, ambayo upana wake ni kiasi cha milimita 5, iitwayo makula. Kwa sehemu hiyo ndogo mwanadamu husoma herufi, hutunga uzi katika tundu la sindano na huutambua uso wa mwanawe. Allah (S.W.) ameijaalia rangi ya manjano inayotokana na viini viwili, luteini na zeaksanthini, ambavyo mwili hauwezi kuvitengeneza wenyewe. Huvipata katika chakula tu.

Umri unaposogea, baadhi ya watu huanza kupata takataka za mafuta mafuta chini ya retina, na chembe za makula zikachakaa pole pole. Hii ndiyo aina kavu ya maradhi, na ndiyo iliyo nyingi. Aina ya pili ni ya majimaji: mishipa midogo ya damu huota mahali pasipo pake, ikavuja, na mtu akaweza kupoteza uoni wa katikati kwa muda wa siku au wiki chache. Aina zote mbili hazina maumivu, na kwa sababu hiyo wengi huchelewa kwenda kwa daktari.

Mwenye maradhi haya hapofuki giza totoro. Huona pembeni, lakini katikati ya kila anachokitazama huona doa au ukungu, au mistari iliyonyooka huiona imepinda. Kwa hiyo anaweza kutembea njiani bila ya kujikwaa, na wakati huo huo asiujue uso wa jirani aliyesimama mbele yake. Ndugu msomaji, zingatia hapa. Ni wazee wangapi tumewasema kuwa wameingiwa na kibri kwa kuwa tuliwapungia mkono wasitupungie? Yule mzee wetu alikwisha kunung'unikiwa hivyo hivyo na majirani zake, naye hakujua kwamba wamempungia.

Hatuna budi kutenganisha maradhi haya na mengine. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi ya mbele, naye ndiye sababu kubwa ya upofu katika Afrika. Hutolewa kwa upasuaji, na mtu akaona tena kwa idhini ya Allah. Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu, na kisukari huharibu mishipa ya damu ya retina. Kila moja lina tiba yake. Uchakavu mkubwa wa makula huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, lakini wazee wetu nao hawakusalimika. Watafiti walikadiria mwaka 2014 kwamba ifikapo mwaka 2020 watu wapatao milioni 196 duniani wangekuwa na maradhi haya katika daraja zake mbalimbali.

KUTAFUTA DAWA NI KATIKA SUNNA

Wapo wanaosema kwamba uzee hauna dawa, basi mzee na aachwe. Maneno haya yana ukweli nusu. Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.), katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo watafute dawa, naye akawaamuru watafute, akawajulisha kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea tiba, isipokuwa ugonjwa mmoja tu, nao ni uzee.

Angalia hekima iliyomo. Uzee wenyewe haurudi nyuma, na anayemuahidi mtu ujana ni mwongo. Lakini amri ya kujitibu imekuja katika hadithi hiyo hiyo, wala mzee hakutolewa ndani yake. Waislamu waliotutangulia waliifahamu hivyo. Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu wa macho aliyeishi Misri zama za Khalifa al-Hakim, kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, alikuwa akimnyonya mtoto wa jicho kwa sindano yenye uwazi ndani. Hakusema kuwa upofu wa mzee ni kadari tu, akaishia hapo.

UTAFITI UMESEMA NINI?

Sasa tuvijie vidonge vyenyewe. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilifanya utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la AREDS, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2001. Watu 3,640 wenye umri wa miaka 55 hadi 80 waligawanywa kwa kura na kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 6. Wengine walipewa vidonge visivyo na kitu, na wengine mchanganyiko wa kila siku wa vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, beta-karotini miligramu 15, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Shaba iliongezwa kwa kuwa zinki nyingi huipunguza shaba mwilini, na mtu akaweza kuishiwa damu.

Matokeo yalikuwa haya. Miongoni mwa watu ambao maradhi yao yalikuwa yamefikia daraja ya kati, au jicho moja limekwisha kuharibika sana, kati ya kila 100 waliomeza vidonge vitupu, 28 walifikia uharibifu mkubwa ndani ya miaka 5. Kati ya kila 100 waliomeza mchanganyiko kamili, waliofikia hali hiyo ni 20. Maana yake ni kuwa wanane katika kila mia walinusurika kwa muda huo. Hiyo si faida ndogo kwa mwenye macho yake. Lakini tusisahau wale 20 ambao walimeza kila siku na maradhi yakasonga mbele, wala tusiseme kwamba vidonge hivi vinaponya. Havimrudishii mtu uoni uliokwisha kupotea, ila hupunguza mwendo wa maradhi. Na kwa waliokuwa na dalili za mwanzo tu, au wasio na maradhi kabisa, faida haikuonekana. Wala havikumzuia mtoto wa jicho.

Ama beta-karotini, tatizo lake lilikwisha kujulikana kabla ya hapo. Huko Finland, utafiti wa wanaume 29,133 wavuta sigara, uliotangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo ukafanywa utafiti wa pili wa macho, AREDS2, wenye watu 4,203, na matokeo yake yakatoka mwaka 2013. Humo walijaribu luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, na wakajaribu pia mafuta ya samaki. Mafuta ya samaki katika vidonge hayakuongeza faida. Luteini na zeaksanthini zilifaa kushika nafasi ya beta-karotini, tena bila ya ile hatari ya mapafu. Katika utafiti huo waliopata saratani ya mapafu katika kundi la beta-karotini wengi wao walikuwa watu waliokwisha kuacha sigara. Ufuatiliaji wa miaka 10, uliotangazwa mwaka 2022, uliyathibitisha hayo.

Hii ndiyo sababu ya daktari kumuuliza mzee wetu kuhusu sigara, na hii ndiyo aibu yetu sisi tuliotazama alama ya halali peke yake.

HUKUMU YA GANDA NA KILICHOMO

Swali la jelatini ni swali la haki, wala hatulidharau. Jelatini ikiwa imetokana na samaki au mnyama halali aliyechinjwa kisheria, haina tatizo. Ikiwa ya nguruwe, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilisema haifai kutumiwa katika vyakula. Wapo wanazuoni wanaoona kwamba kitu kikibadilika kabisa dhati yake hukumu nayo hubadilika, na kwao jelatini imo katika mlango huo. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, najisi ya nguruwe haitohariki kwa kugeuka namna hiyo. Wala hapa hapana dharura ya kuhalalisha, kwa sababu vidonge vya aina hii hupatikana pia vikiwa vikavu visivyo na ganda, au katika ganda la mimea. Mwenye kupata halali hana udhuru wa kuiendea haramu.

Baada ya ganda, tuulize madhara. Sheria yetu imejengwa juu ya msingi kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe, na mafakihi wamekubaliana kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul Baqarah, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo. Kwa hiyo anayevuta sigara au aliyewahi kuvuta asimeze vidonge vyenye beta-karotini. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu amwambie daktari wake kabla ya kutumia vitamini E kwa kipimo hicho. Mwenye matatizo ya njia ya mkojo naye amwambie, kwa kuwa baadhi ya waliopewa zinki nyingi walilazwa hospitali kwa matatizo hayo. Na anayevuta hadi leo, tunamnasihi kwa jina la Allah aache, kwani katika mambo ambayo mtu anaweza kuyabadilisha, hakuna linaloharibu makula kuliko sigara. Mtu kununua kidonge cha macho kwa mkono mmoja na sigara kwa mkono wa pili ni kujenga na kubomoa.

Mwezi wa Ramadhani nao huleta maswali. Kumeza kidonge mchana hufunguza saumu. Lakini vidonge hivi kwa kawaida humezwa mara mbili pamoja na chakula, basi na vimezwe kwenye futari na daku. Ama matone ya macho, Baraza lile lile la Fiqhi, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, lilisema hayafunguzi maadamu mtu hamezi kinachofika kooni, na kadhalika sindano zisizokuwa za kumlisha mgonjwa. Tunalitaja hili kwa kuwa aina ya majimaji hutibiwa kwa sindano za dawa ndani ya jicho. Sindano hizo huokoa uoni zikiwahi, na haifai mzee akaziahirisha hadi Shawwal kwa kuchelea saumu yake.

KWA WAUZAJI

Tunalo neno kwa ndugu zetu wafanyabiashara. Kuuza dawa na vyakula vyenye manufaa ni kazi njema. Habasoda na asali zimetajwa kwa kheri katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), nasi tunazitumia majumbani mwetu. Lakini kumwambia mzee mwenye mtoto wa jicho au presha ya macho kwamba chupa hii inatibu macho yote, asihangaike na hospitali, ni udanganyifu. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono wake katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, alimkana mwenye kughushi. Na katika mapokezi ya Abu Daud na wengineo, mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu hudhamini madhara atakayoyaleta. Presha ya macho haimngoji mtu amalize chupa. Uoni uliopotea kwa ajili yake haurudi, na muuzaji ataulizwa.

WAJIBU WA FAMILIA

Enyi vijana, mzee wenu akilalamika macho, fedha ya kwanza iwe ya kipimo, si ya chupa. Daktari akithibitisha kuwa ni makula na limefika daraja ya kati, ndipo mnunue, nanyi msome maandishi ya chupa: luteini 10, zeaksanthini 2, vitamini C 500, vitamini E 400, zinki na shaba, bila ya beta-karotini. Aliye mzima wa macho hana haja navyo, na fedha yake aitumie katika chakula. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga vina luteini, na vikipikwa kwa mafuta kidogo mwili huipokea vizuri zaidi. Kiini cha yai na mahindi ya njano navyo vimo katika orodha hiyo. Samaki naye ni bora awe katika sahani yako kuliko mafuta yake katika kidonge.

Kipimo cha nyumbani nacho hakina gharama. Chukueni ukurasa wa daftari la hesabu lenye visanduku, mtie nukta nyeusi katikati. Mzee avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja, aitazame ile nukta kwa umbali wa kusomea, kisha abadilishe jicho. Akiona mistari imepinda au sehemu imepotea, apelekwe kwa daktari wa macho haraka, asingojee mwisho wa mwezi.

Na yule ambaye uoni wake umekwisha kuondoka, asidhani kwamba nafasi yake nayo imeondoka. Itban bin Malik (R.A.) alikuwa akiwasalisha watu wake na hali macho yake yamedhoofika. Alipomuomba Mtume (S.A.W.) aende akaswali nyumbani kwake, Mtume alikwenda, yeye na Abubakar (R.A.). Ibn Abbas (R.A.) naye alipoteza uoni uzeeni, na watu hawakuacha kwenda kwake kutafuta elimu. Na imekuja katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba anayepewa mtihani wa macho yake mawili akasubiri, badali yake ni Pepo. Lakini subira ni yake yeye mgonjwa. Sisi tulio karibu naye hatukupewa ruhusa ya kuiegemea subira yake tukakaa kitako.

Tukimkaribia tumpe salamu na tutaje majina yetu, asihangaike kubahatisha sauti. Tumwekee taa yenye mwanga wa kutosha, kioo cha kukuzia maandishi na msahafu wa herufi kubwa. Na asiyeweza hata huo, mjukuu akae naye amsomee, naye mzee amsahihishe kwa hifadhi yake. Allah (S.W.) ametuusia katika Suratul Israa wema kwa wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu, na katika sura hiyo hiyo akatujulisha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi macho yetu sisi tunaoona nayo yataulizwa kwamba yaliwafanyia nini wasioona.

Yule mzee wetu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, alhamdulillahi, na anasoma tena kwa jicho hilo. Kwa jicho la kushoto anameza vidonge visivyo na beta-karotini kwa usimamizi wa daktari. Nguzo yake msikitini ameirudia. Nasi tangu siku ile, mtu akituletea chupa na kutuuliza kuhusu ganda, humuuliza kwanza: "Umepimwa na nani?"

Twamuomba Allah (S.W.) atustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu maadamu tuhai, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa kitulizo cha macho kwa wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.